Pigo Lisilopigwa

Ujumbe wa Kasisi kwa wazazi, wadhamini wa ubatizo na vijana
Masomo: Mathayo 26:47-56, Warumi 12:14-21

Ndugu wapendwa katika Kristo,



Tarehe 24 Machi 1970, katika jiji la Tokyo nchini Japani, watu wapatao 700 walikusanyika kwa ajili ya mazishi. Palikuwa na ulingo wa ndondi, na palikuwa na sala za Kibuddha kama ilivyo desturi ya nchi ile. Lakini maiti haikuwapo, wala haikuweza kuwapo, kwa maana marehemu hajapata kuzaliwa. Jina lake Toru Rikiishi, naye alikuwa bondia wa kuchorwa katika hadithi ya picha iitwayo Ashita no Joe, iliyotoka katika gazeti la vijana tangu 1968 hata 1973. Katika hadithi hiyo Rikiishi alijinyima chakula na maji mpaka akakonda vibaya, ili apunguze uzito apate kupigana na mpinzani wake Joe. Akashinda pambano, kisha akafa. Wasomaji hawakuweza kuvumilia, wakaja kumlilia.

Mtu mzima akisikia habari hii huenda akacheka. Asicheke upesi. Sisi nasi tumelelewa kwa hadithi za mashujaa. Ni nani aliyesimuliwa utotoni habari za Liongo Fumo, jinsi alivyochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mtoto wake mwenyewe, asisikie uchungu moyoni? Na Liongo wa masimulizi nani alimwona kwa macho? Hadithi ya shujaa huingia ndani ya mtu hata pale ambapo mahubiri hayaingii. Kwa hiyo yatupasa kujua ni mashujaa gani wanaoingia nyumbani mwetu, na wanawafundisha nini watoto wetu wakisha kuingia.

Wazee wa pwani wakisikia neno manga hukumbuka Maskati, au pilipili manga ya kwenye pilau. Manga ninayoisema mimi ni nyingine. Ni jina la Kijapani la vitabu vya hadithi za picha; na hadithi hizo zikifanywa filamu za katuni huitwa anime. Ziko za kila namna: za mapenzi, za mpira, za upishi, hata za shule. Lakini zilizopendwa mno na watoto wa dunia nzima ni zile za wapiganaji. Watoto wetu wanawajua wapiganaji hao kuliko wanavyowajua Mitume kumi na wawili. Mtoto wa darasa la pili hawezi kukutajia Bartolomayo wala Thadayo, lakini atakutajia Goku na Naruto bila kukwama, na namna ya kupigana ya kila mmoja atakuonyesha uani, na mdogo wake ndiye atakayekuwa adui.

Wazazi wamegawanyika mafungu mawili. Wa kwanza husema, "Mambo haya ni ya kipepo, zima!" Wa pili husema, "Ni katuni tu, waache, angalau wametulia." Hawa wawili waonekana kupingana, kumbe wamefanya jambo moja: wamemwacha mtoto peke yake na shujaa wake. Aliyekatazwa atatazama kwa jirani. Aliyeachwa atatazama sebuleni. Wala mmoja hana wa kumwuliza, "Mwanangu, huyu ana nguvu, nguvu zake ni za nini?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tulitafakari. Na Mkristo hawezi kulikwepa kwa kusema kwamba mapigano hayamhusu. Kumbukeni kisimani pa ubatizo. Katika ibada yetu ya zamani, Kasisi akisha kumbatiza mtoto humtia alama ya msalaba pajini, akitamka kwamba mtoto huyu asione haya kumkiri Kristo aliyesulibiwa, bali apigane chini ya bendera yake, juu ya dhambi na ulimwengu na Shetani, awe askari mwaminifu hata mwisho wa maisha yake. Basi mtoto wetu ameandikwa jeshini kabla hajaota meno. Anapopenda habari za wapiganaji hajapotea njia. Linalobaki ni kujua atakuwa mpiganaji wa namna gani.

Tuanze huko Japani kwenyewe, kwa watu wa kweli, kabla ya kufika kwa watu wa kuchorwa.

Mwaka 1882, kijana aitwaye Jigoro Kano alifungua chuo kidogo cha mieleka ya kujihami katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Chumba chake kilikuwa cha mikeka 12 tu. Mchezo wake akauita judo, maana yake njia ya upole, yaani njia ya kulegea mbele ya nguvu badala ya kushindana nazo. Na somo la kwanza la mwanafunzi wa judo hata leo si kumwangusha mtu. Somo la kwanza ni kuanguka. Hufundishwa kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kuanguka mbele, na kupiga mkeka kwa mkono ili mwili usiumie, kisha kuinuka. Asiyejua kuanguka haruhusiwi kuangusha. Wajapani wana methali isemayo kuanguka mara 7, kuinuka mara 8; na mwenye kukifahamu Kitabu cha Mithali, sura ya 24, ataona kwamba Sulemani naye alilijua jambo hilo kuhusu mwenye haki.

Naye Gichin Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule katika kisiwa cha Okinawa. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate, na huko akakaa akifundisha. Jina karate huandikwa kwa alama zenye maana ya mkono mtupu. Mwalimu huyu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba katika karate hakuna anayeanza kupiga. Fundisho hilo limechongwa katika jiwe la ukumbusho wake, katika hekalu la Engakuji mjini Kamakura. Aliwafundisha pia kwamba mazoezi huanza kwa kuinama kwa heshima, na kwa heshima humalizika. Wako wanaoniuliza kama kuinama huku ni ibada ya sanamu. Mwanafunzi anayeinama mbele ya mwenzake amesalimia tu, kama sisi tunavyompa mkubwa shikamoo.

Basi tungesema kwamba taifa lenye walimu wa namna hii lisingeweza kuonea wengine. Lakini haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Japani iliyatumia masomo ya judo na ya kendo, yaani mchezo wa upanga wa mwanzi, kuwatayarisha vijana wa shule kwa vita. Ile njia ya upole ikatiwa nira ya jeshi. Nchi za jirani zikavamiwa, na mamilioni ya watu wakafa, mpaka Hiroshima na Nagasaki zikateketezwa mwezi wa Agosti 1945. Vita vilipokwisha, waliotawala nchi baada ya kushindwa kwake walipiga marufuku masomo ya kupigana mashuleni. Judo ilirudishwa mwaka 1950.

Kanisa letu halikuwa nje ya habari hizi. Waanglikana wa Japani, ambao Kanisa lao huitwa Nippon Sei Ko Kai, nao walikuwamo katika taifa lile. Mwaka 1996 Sinodi Kuu yao ilitoa tamko, ikakiri mbele ya Mungu na mbele ya majirani wao wa Asia kwamba Kanisa halikusimama ipasavyo kuipinga dhambi ya utawala wa mabavu na ya vita. Imewachukua zaidi ya miaka 50 kulisema neno hilo, lakini wamelisema. Ndugu zangu, hata Kanisa lahitaji kujifunza kuanguka chini mbele za Mungu ili liinuliwe.

Nawakumbusha haya kwa sababu hadithi za wapiganaji wanazotazama watoto wetu zilitoka katika nchi iliyokwisha kuona, kwa hasara kubwa, mwisho wa nguvu isiyojizuia. Si hadithi zote zilizojifunza. Nyingi ni makelele na damu tu, na hizo sina la kuzitetea. Lakini zile zilizo bora zimebeba swali hilo hilo: mwenye nguvu ajulikane kwa pigo alilopiga, au kwa pigo alilolizuia? Nitataja tatu.

Ya kwanza ni Dragon Ball, iliyochorwa na Akira Toriyama tangu 1984 hata 1995. Mchoraji huyu alifariki mwezi wa Machi 2024. Shujaa wake ni Goku, mtoto wa porini mwenye mkia, ambaye jina lake lilitoholewa katika hadithi ya kale ya Kichina ya mfalme wa nyani. Goku anapelekwa kwa mzee mmoja ili afundishwe kupigana. Mzee hamfundishi ngumi. Anampa kazi ya kugawa maziwa nyumba kwa nyumba kwa miguu, na kulima shamba kwa mikono mitupu, huku amebeba gamba zito la kobe mgongoni. Baada ya miezi ya jasho ndipo mtoto agunduapo kwamba amekuwa na nguvu. Mzee huyo, nawaambia mapema, ana jicho chafu kwa wanawake, na mzazi asilinyamazie jambo hilo. Lakini katika habari ya kazi yuko sawa. Wako vijana wetu watakao nguvu bila kubeba maji.

Goku anapokuwa mtu mzima anapigana na Piccolo, adui aliyekusudia kumwua na kuitawala dunia. Anamshinda. Adui yuko chini, hawezi kuinuka. Watu wote wangojea pigo la mwisho. Goku anampa dawa ya kumponya, anamwacha aende zake. Wenzake wanashangaa. Basi miaka inapita, Goku anakufa vitani, na mwanawe mdogo aitwaye Gohan anabaki. Ni nani anayemchukua mtoto yule na kumlea, tena kwa ukali? Ni yule yule Piccolo. Na siku adui mwingine anapomrushia mtoto pigo la kuua, Piccolo anasimama mbele yake, analipokea kwa mwili wake mwenyewe, anakufa. Adui aliyeachwa hai amekuwa ukuta wa mtoto wa yule aliyemwacha.

Ya pili ni Naruto, ya Masashi Kishimoto, iliyotoka tangu 1999 hata 2014. Naruto ni yatima. Siku aliyozaliwa, zimwi lililokivamia kijiji lilifungiwa ndani ya mwili wake ili watu wapone. Na watu hao hao waliopona wakamtenga, wasitake watoto wao wacheze naye. Anakua akitafuta kutazamwa tu. Anampata mwalimu ampendaye kama baba, na mwalimu huyo anauawa na mtu mmoja aitwaye Nagato, ambaye baadaye anakiharibu kijiji chote. Naruto anamtafuta mpaka anamfikia. Nagato amedhoofika, hana nguvu za kukimbia. Hapo Naruto anakaa, anasikiliza. Anasikia kwamba wazazi wa Nagato nao waliuawa walipokuwa wamejificha nyumbani mwao, na waliowaua walikuwa askari wa kijiji hiki hiki cha Naruto. Mlipizaji ameulipiza kisasi cha mlipizaji, na mnyororo hauna mwisho. Naruto hana jibu la maneno. Ana uchungu, na ana adui mkononi. Hamwui. Na Nagato anatumia nguvu zake za mwisho kuwarudishia uhai watu wa kijiji aliowaua, kisha anakufa.

Ya tatu ni Vinland Saga, ya Makoto Yukimura, iliyoanza 2005 ikamalizika 2025. Hii si ya watoto hata kidogo. Ina damu nyingi, na iliandikwa kwa watu wazima. Habari zake ni za watu wa Ulaya ya Kaskazini, miaka elfu moja iliyopita, katika siku za mfalme Canute wa Denmark na Uingereza. Mtoto aitwaye Thorfinn anamwona baba yake akiuawa mbele ya macho yake. Baba huyo alikuwa shujaa mkubwa aliyeacha silaha, na aliutoa uhai wake ili watu wake na mwanawe wapone. Mtoto hakumwelewa baba. Akamfuata mwuaji kwa miaka, akala naye, akapigana vita vyake, akaua watu wasiomkosa, ili siku moja apate kumwua yeye. Kisha mwuaji akauawa na mtu mwingine. Thorfinn akabaki mtupu kama kibuyu. Akauzwa utumwa.

Shambani, akikata miti na kupanda ngano pamoja na mtumwa mwenzake, akaanza kuwaona usingizini wale wote aliowaua. Akaapa kuacha kupiga. Ndipo mfalme alipokuja na jeshi kulichukua shamba lile. Thorfinn akaenda kuomba kusema na mfalme, hana upanga, hana hata fimbo. Askari wakamzuia. Akafanya nao mapatano: mmoja wao ampige ngumi 100, na akizivumilia apelekwe. Akapigwa. Hakurudisha hata moja. Yeye aliyekuwa hodari wa kuua kuliko wote waliosimama pale alisimama akihesabiwa mapigo, mpaka wenye kucheka wakaacha kucheka. Akafikishwa mbele ya mfalme, wakasemezana, na mfalme akaliacha shamba.

Mwasomaji wa Biblia, je, hamkusikia sauti mnayoijua katika habari hizi? Daudi alikuwa na Sauli mkononi ndani ya pango la Engedi, akakata upindo wa vazi badala ya shingo. Paulo aliwaandikia Warumi wasijilipizie kisasi, bali wamlishe adui mwenye njaa. Lakini neno kuu liko Gethsemane.

Tazameni bustanini usiku ule. Ngumi ya kwanza ilipigwa na mtu wa upande wetu. Petro aliuchomoa upanga, akamkata sikio Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu. Alidhani anamtetea Bwana. Na Bwana alifanya mambo mawili. Alimwambia Petro aurudishe upanga mahali pake. Kisha, kama Luka anavyotueleza, aligusa sikio lile akaliponya. Mikono ile ilikuwa karibu kufungwa kamba, na kazi yake ya mwisho kabla ya kufungwa ilikuwa kumtibu mmoja wa waliokuja kuifunga.

Halafu aliwakumbusha kwamba angemwomba Baba, naye angemletea zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Jeshi moja la namna hiyo, kwa hesabu ya Warumi, lilikuwa na askari wapatao 5,000 au zaidi. Basi zidisheni wenyewe. Zaidi ya malaika 60,000 walikuwa karibu, na hakuna aliyeitwa. Hakuna msanii aliyepata kuchora shujaa mwenye nguvu nyingi hivyo akizizuia kwa utulivu hivyo. Hilo ndilo pigo lisilopigwa, na wokovu wetu umesimama juu yake.

Hapa yatupasa kuona pia mahali ambapo hadithi zile zinapungukiwa. Goku humhurumia adui akisha kumshinda; huruma yake ni ya mwenye kombe mkononi. Tena sababu zake zimechanganyika, maana apenda mno kupata mpinzani wa kupigana naye tena. Na kila anaposhinda hutokea adui mkubwa zaidi, naye hutafuta nguvu kubwa zaidi, na mwisho hauonekani. Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga wetu. Lakini kama kila mwenye nguvu ana mwenye nguvu kuliko yeye, tutapisha mpaka lini? Kristo hakungoja kushinda ndipo asamehe. Alisamehe misumari ikiwa mikononi. Alimpenda adui akiwa chini ya miguu ya adui.

Naye Thorfinn alivumilia mapigo 100 ili shamba lipone, na hilo ni jema. Lakini wale aliowaua wanamjia usingizini, na mapigo yake hayawezi kuwarudisha. Sisi sote tunao watu wetu wanaotujia usingizini: mtoto tuliyempiga kupita kiasi, ndugu tuliyemdhulumu urithi, jina la jirani tulilolichafua. Hatuwezi kuyafuta kwa kujipigisha. Yuko Mmoja aliyepigwa kwa ajili hiyo, na mapigo yake ndiyo yanayoponya.

Sasa, ndugu zangu, tuyalete haya nyumbani.

Vijana, nawaambia ninyi kwanza. Akitaka mmoja wenu kujifunza judo au karate, aende kwa ruhusa ya wazazi wake, na achague mwalimu afundishaye kuinama na kuanguka kabla ya kupiga. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho habari za mabondia na wakimbiaji, jinsi wanavyojizuia katika yote. Lakini ukiwa na ngumi nzuri, ujue umepewa deni. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na mpiga mnyonge huumiza roho yake. Akikutukana mtu mbele ya wenzako, hapo ndipo pambano lako la ubingwa, na adui si yule aliyekutukana. Adui ni ile hasira inayokuomba ruhusa.

Wazazi na wadhamini, nawaomba jambo dogo. Juma hili kaeni na mtoto, mtazame naye hadithi moja mpaka mwisho. Msimkemee wala msisinzie. Kisha mwulizeni maswali matatu. Shujaa huyu amepigana kwa ajili ya nani, kwa ajili yake au kwa ajili ya mwingine? Je, kulikuwa na pigo ambalo angeweza kupiga asilipige? Na baada ya kushinda, adui yake amekuwa nani? Mtajua upesi kama hadithi hiyo yafaa kukaa nyumbani. Zile ambazo jibu lake ni damu na matusi na uchi, ziondoeni bila kuona haya. Ni nyumba yenu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zile ambazo jibu lake ni jema, zitumieni kama daraja, mmvushe mtoto mpaka Gethsemane.

Nasi watu wazima tusijidanganye kwamba katuni ndizo zinazowafundisha watoto ukatili. Mtoto huona Goku nusu saa; hutuona sisi mchana kutwa. Anapopigiwa mtu kelele za "Mwizi!" njiani, nasi Wakristo tukaokota mawe pamoja na umati kabla hata ya kuuliza kimeibwa nini, mtoto amejifunza. Baba anapomwinulia mama mkono, mtoto amejifunza, wala hakuna filamu ya Kijapani itakayomfundisha zaidi. Mwenye kujizuia roho yake, asema Sulemani kwa maana hiyo, ni bora kuliko mteka mji. Basi baba, mji wako wa kuuteka ni mkono wako wa kuume.

Na hapa nataka nisieleweke vibaya. Simwambii mama anayepigwa nyumbani mwake ahesabu ngumi mpaka 100. Thorfinn alichagua kwa hiari yake, akiwa na nguvu za kurudisha. Bwana wetu aliutoa uhai wake mwenyewe; alisema wazi kwamba hakuna amwondoleaye. Kuvumilia mapigo ni sadaka ya mwenye nguvu, si nira ya kumfunga mnyonge. Mama anayepigwa, mtoto anayeumizwa, msichana wa kazi anayeonewa, hao Kanisa lawapasa kuwasimamia na kuwatoa hatarini. Mlango wa nyumba ya Kasisi uko wazi kwao, mchana na usiku, nao akina mama wa Umoja wa Mama wanajua la kufanya. Piccolo alisimama mbele ya mtoto. Tusimame na sisi.

Jumapili ijayo, mtakapopiga magoti mezani pa Bwana, itazameni mikono yenu iliyofunguliwa kupokea. Huo ni mkono mtupu. Haukushika fimbo, wala jiwe, wala haukukunjwa ngumi. Mkono uliokunjwa ngumi hauwezi kupokea mkate.

Tuombe:

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyekuwa na majeshi ya mbinguni usiyaite, uliyeponya sikio la adui yako usiku wa kukamatwa kwako: uwatie watoto wetu nguvu, na nguvu hizo uzitie lijamu. Uwafundishe kuanguka chini mbele zako na kuinuka kwa neema yako. Zuia mikono yetu isipige kwa hasira, ukaifanye kuwa ngao ya wanyonge. Utusamehe mapigo tuliyokwisha kupiga, na utupe amani na wale tuliowaumiza, wewe unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.

Wenu katika Bwana,
Kasisi wa Parishi